Bingwa na Mizani

Yako maswali ambayo hudharauliwa kwa sababu ya mahali yalipozaliwa. Swali likitoka katika kitabu kinene hupokewa kwa heshima. Likitoka ufukweni, ambako wavuvi wamekaa wakishona nyavu, huhesabiwa kuwa upuzi wa kupitishia wakati. Insha hii yahusu swali la namna ya pili. Nililisikia Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Gombe katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Nilirudi nalo kazini kwangu, na mpaka leo halijanipa ruhusa ya kulisahau. Swali lenyewe ni hili: bingwa akikataa pambano la hatari kwa sababu mpinzani ni wa uzito mwingine, je, ni mwoga?

Mwamgongo hufikiwa kwa boti kutoka Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma. Mlima uko nyuma, maji yako mbele, na nyumba zimebanana katikati. Maisha ya huko hufuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali nguvu ya taa hupungua, samaki hawakusanyiki. Kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadhaa, nyavu hushonwa, na maneno huongezeka. Mimi nilifika siku hizo, katika mwezi wa Julai. Usiku mmoja kibanda cha picha, ambacho vijana hukiita kibanda umiza, kilionyesha pambano la ngumi, na lilipokwisha mabishano yalitoka nje pamoja na watu.

Mabishano yalikuwa juu ya Hassan Mwakinyo wa Tanga na Twaha Kassim wa Morogoro, ajulikanaye zaidi kwa jina la Kiduku. Tangu Septemba 2018, Mwakinyo alipomshinda Sam Eggington katika raundi ya pili mjini Birmingham, washabiki wengi walitamani kuwaona mabondia hao wawili wakisimama ulingo mmoja. Lakini kila haja hiyo ilipotajwa, neno uzito lilitajwa pia. Maana Mwakinyo alijipatia jina katika uzito wa ratili 154, yaani karibu kilo 70, na Kiduku katika uzito wa juu kuliko huo. Kijana mmoja alisema ya kuwa bingwa wa kweli hachagui mtu. Mwenzake alijibu kwamba mizani haikuwekwa kuwa pambo. Wa tatu aliwacheka wote wawili, akasema kuwa fedha ndizo zinazopigana, mabondia ni mikono yake tu.

Nami sikunyamaza. Kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, nilisema ya kuwa ubingwa ni dai, na kila dai lina deni la ushahidi. Anayekwepa mpinzani mgumu kwa kisingizio cha mizani ni mwoga aliyevaa mkanda. Vijana wakashangilia. Mzee mmoja, aliyekuwa akitia viraka katika wavu, hakushangilia. Aliniuliza, "Mwalimu, kesho unarudi Kigoma. Ziwa likichafuka, nahodha akasema haondoi chombo, utamwita mwoga?"

Nilijibu, "La, mzee wangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nami nimo chomboni."

Akakata uzi kwa meno, akasema, "Basi. Katika chombo cha bondia wewe humo."

Sikuwa na jibu usiku ule. Haya yafuatayo ni jaribio langu la kulitafuta.

Tuanze na mizani yenyewe. Desturi ya kuwagawa mabondia kwa uzito haikuanza pamoja na ngumi. Zamani mzito na mwepesi walikutana, na mara nyingi mwepesi alilipa gharama ya kuumbwa mdogo. Mwaka 1909 klabu moja ya London iliweka madaraja manane ya uzito, na baadaye madaraja yaliongezwa. Sababu ya desturi hii ni ya haki kabla ya kuwa ya mchezo. Pigo hubeba uzito wa mwili mzima, si wa mkono peke yake, na fuvu la kichwa haliongezeki unene kwa ushujaa wa mwenyewe. Kwa hiyo mizani husema kwamba twataka kujua nani hodari zaidi, hatutaki kujua nani alizaliwa mkubwa zaidi. Anayesimama nyuma ya mizani amesimama mahali halali. Ila mahali halali pana desturi ya kuwaficha hata wasiostahili, na hapo ndipo ugumu wa swali letu unapoanzia.

Afrika ya Mashariki imetoa mifano ya pande zote mbili. John Mugabi wa Uganda, aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, aliogopwa sana katika uzito wa ratili 154. Tarehe 10 Machi 1986, mjini Las Vegas, alipanda kumkabili Marvin Hagler, bingwa wa ratili 160. Tofauti ya ratili sita ni ndogo sana sokoni, lakini ulingoni si ndogo. Mugabi alipigana kwa moyo ambao hata waliokuwa upande wa Hagler waliusifu, akaangushwa raundi ya kumi na moja. Mwaka huo huo alirudi chini kugombea ubingwa wa ratili 154, akashindwa raundi ya tatu. Ubingwa huo aliupata mwaka 1989. Je, alikosea kupanda? Sithubutu kusema hivyo. Lakini mwenye kumtaja Mugabi ili kuwaaibisha wanaobaki katika uzito wao lazima aisome hesabu yote, faida na hasara.

Kumbuka pia upande wa Hagler. Yeye alitawala uzito wa kati kutoka mwaka 1980 hadi 1987, na mara kadhaa waliomjia walikuwa watu waliopanda kutoka chini. Hakupanda kamwe kugombea ubingwa wa juu yake. Hata hivyo simjui mshabiki mwenye akili anayemwita Hagler mwoga. Kwa nini? Kwa sababu katika nyumba yake mwenyewe hakumfungia mtu mlango. Hapa twapata fundisho la kwanza: kubaki katika uzito wako si aibu, ikiwa katika uzito huo huchagui wanyonge.

Fundisho la pili latoka kwa Sugar Ray Leonard. Tarehe 25 Juni 1981, mjini Houston, Leonard alipanda kutoka uzito wa ratili 147 kumkabili Ayub Kalule wa Uganda, bingwa wa ratili 154 ambaye katika ngumi za kulipwa alikuwa hajashindwa. Leonard alishinda raundi ya tisa, na hakuna awezaye kumnyima sifa, kwa kuwa alimfuata Kalule nyumbani mwa Kalule. Lakini Novemba 1988 Leonard huyo huyo alikutana na Donny Lalonde, bingwa wa ratili 175, kwa sharti kwamba Lalonde ashuke mpaka ratili 168. Usiku mmoja mataji ya madaraja mawili yaligombewa, na Leonard akayatwaa yote. Katika kumbukumbu za ngumi pambano la kwanza na la pili yote huandikwa kwamba Leonard alivuka uzito. Kwa kweli katika la kwanza alipanda mlima. Katika la pili mlima uliombwa uiname. Basi kuvuka mpaka peke yake si ushahidi wa ushujaa, kama vile kubaki ndani ya mpaka si ushahidi wa woga.

Na yule kijana wa tatu, aliyesema fedha ndizo zinazopigana, hakuwa mjinga. Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi aliyepigania Italia, alikuwa bingwa wa uzito wa kati wa chama kimoja. Mwaka 1989 alichagua kupigana na Michael Nunn, bingwa wa chama kingine, badala ya mpinzani aliyepangiwa na chama chake. Chama kikamvua ubingwa. Alipoingia ulingoni, aliangushwa katika raundi ya kwanza. Mtu aliyetafuta pambano kubwa alipoteza taji lake mezani kabla ya kupoteza pambano. Tunaposema kwamba bondia fulani anakwepa, mara nyingi hatujui kama aliyekwepa ni yeye, au ni mwenye kuandaa, au ni karani mwenye mhuri.

Sasa nirudi kwa mzee wa Mwamgongo. Neno lake lilinifunga kinywa, lakini neno linalofunga kinywa si lazima liwe neno la mwisho. Nahodha hatangazi kwamba hakuna tufani inayomtisha. Hupewa nauli ili afikishe watu salama, na kusubiri ni sehemu ya kazi yake. Bondia, kinyume chake, hutangaza. Husema kuwa yeye ni bora, na kwa maneno hayo tiketi huuzwa. Anayeuza dai hawezi kulalamika wanunuzi wakiuliza habari za ushahidi. Kwa hiyo kosa la bingwa, likiwapo, halimo katika kukataa. Limo katika kukataa huku ukiendelea kudai. Mwenye kusema, "Mtu yule ni mzito kwangu, siwezi kumkabili," amesema kweli, na mkweli si mwoga. Mwenye kusema, "Ningemshinda, ila mizani hainiruhusu," amejitwalia ushindi ambao hakuutolea jasho.

Hilo ndilo deni la bingwa. Lakini mshabiki naye ana deni, na deni lake hutajwa mara chache. Robert Wangila wa Kenya alipata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Julai 1994 alifariki Las Vegas kutokana na majeraha ya pambano. Waliokuwa wakimtazama usiku ule walirudi nyumbani, pengine wakala, pengine wakalala. Sisemi kwamba walifanya uovu. Nasema tu kwamba hasara haikugawanywa. Alipolipa Wangila, hakuna mwingine aliyechangia. Hii ndiyo maana ya neno la mzee: anayedai ushujaa wa mwili wa mwingine anakopa mali ambayo hatairudisha.

Kutokana na hayo napata kanuni moja, ambayo naiweka mbele ya wasomaji waipime. Hatari ni za namna mbili: hatari ya jina na hatari ya mwili. Kadiri hatari ilivyo ya jina tu, ndivyo udhuru wa mizani unavyopungua nguvu. Kadiri hatari ilivyo ya mwili, ndivyo haki ya asiyekuwemo ulingoni kudai inavyopungua. Bingwa anayehofu kupoteza sifa ya kutoshindwa, akajificha nyuma ya ratili, anastahili kuulizwa. Bingwa anayehofu kuumizwa na mtu aliyemzidi mwili hastahili hata kunong'onwa. Na kwa kuwa sisi tulio nje hatuwezi kuona ni hofu ipi iliyo moyoni mwake, yatupasa kuuliza kwa upole zaidi kuliko nilivyouliza mimi.

Nikimaliza hapa nitakuwa nimewahukumu mabondia na kujisamehe mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilialikwa kujadiliana hadharani na mwanahistoria juu ya umri wa utenzi mmoja ambao nilikuwa nimeuandikia makala. Nilikataa. Nilijibu kwa barua ya adabu kwamba historia si fani yangu, na kila mtu abaki katika fani yake. Barua ilipokelewa kwa heshima, na hakuna aliyeniita mwoga. Lakini mimi najua nilichokiogopa: kuonekana mbele ya wanafunzi wangu nikikosa jibu. Hakuna ubavu wangu ambao ungevunjika. Damu isingetoka. Jina peke yake ndilo lililokuwa hatarini, nami nikalikimbiza nyuma ya mizani. Nilichomshutumu bondia usiku ule kule Mwamgongo, yeye akiwa na udhuru wa mwili wake, mimi nilikwisha kukifanya bila udhuru wowote. Vyuo vyetu vimejaa madaraja ya uzito: huyu wa lugha, huyu wa historia, huyu wa falsafa. Madaraja hayo yana kazi yake, kwa maana hakuna ajuaye yote. Lakini kati yetu hakuna anayeuawa kwa hoja, na kwa hiyo kati yetu udhuru wa mizani ni dhaifu kuliko popote. Tangu niliporudi nimemwandikia mwanahistoria yule barua nyingine.

Asubuhi ya pili yake, upepo wa kusini ulikuwa mkali na mawimbi yalipiga mchanga kwa vishindo. Nahodha aliyatazama maji, akaketi. Abiria nao tukaketi juu ya mizigo yetu, wachuuzi wa dagaa, mama mwenye mtoto, wanafunzi wawili, na mimi. Wakati wa mchana maji yalitulia, tukaondoka. Nilimtafuta mzee wa nyavu kwa macho ili nimwage, lakini hakuwapo ufukweni. Mwezi ulikuwa umeanza kupungua, na watu wake walikuwa wakiandaa taa.