"Ni Mfumo Tu": Je, Mashine Inaweza Kutenda Dhambi?



Vijana wenzangu, siku hizi kisingizio kipo tayari. Mtunza hazina akiulizwa hela za kikundi ziko wapi, anasema mfumo unasumbua. Kijana akiulizwa kwa nini anakesha na video chafu, anajibu: "Simu yenyewe ndiyo inaniletea." Basi tujiulize: mashine ikihesabu na kuchagua, nani anawajibika?

Tanzania swali hili limetugusa zamani. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za serikali zilizofanywa kwa kompyuta zikaleta matatizo, fedha za kigeni nazo zikawa haba, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Naielewa hofu ile. Lakini mashine ikifungiwa nje, uzembe na tamaa zetu hubaki ndani.

Blaise Pascal, Mkatoliki wa Ufaransa, alianza kutengeneza mashine ya kuhesabu mwaka 1642, akiwa na miaka 19, ili kumpunguzia kazi baba yake aliyesimamia kodi. Baadaye aliandika kwamba mashine ile inakaribia fikra kuliko mnyama, ila haina utashi. Jibu letu liko hapo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba tendo la kibinadamu hutoka katika akili na utashi. Pasipo utashi hakuna dhambi, wala fadhila.

Hapa Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, kuna mchoro unaoonyesha jinsi kila rika lilivyohesabu moja hadi kumi kwa maneno yake. Mimi hujifunza hivi: hesabu ina wenyewe. Nyuma yake kuna watu unaoweza kuwauliza.

Adamu alimsingizia Eva, Eva akamsingizia nyoka, lakini Mungu aliwauliza wote wawili. Simu inapendekeza, kidole ni chako. Kwa hiyo ukienda kuungama, sema "nimetazama", usiseme "imeniletea". Mtunza hazina naye aseme "nimechukua".

Inauma, najua. Ila kuna habari njema ndani yake: mashine haiwezi kusamehewa, maana haina la kujibu. Wewe unalo, na unaweza kusamehewa.

Tuombeane.