Tabaka tatu tumboni: Tusimtwishe mama lawama

 

Katika Suratul Muuminuun, aya ya 12 hadi 14, Allah (s.w.) ametufahamisha kuwa mwanadamu huumbwa hatua kwa hatua. Elimu ya viumbe nayo yatuonesha kwamba katika wiki ya tatu tangu mimba itungwe, chembe hai hujipanga tabaka tatu. La nje hutoa ngozi, ubongo na mishipa ya fahamu. La kati hutoa mifupa, misuli, moyo na damu. La ndani hutoa ini, kongosho na utando wa mapafu na utumbo.

Tutazame tabaka la nje. Sehemu yake hujikunja kama jamvi, kingo zikakutana na kuwa mrija. Mrija huo ndio ubongo na uti wa mgongo, nao hufunga yapata siku ya 28. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi kichwa hujaa maji.

Siku ya 28! Wanawake wengi wakati huo hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Vipi basi mtoto akizaliwa hivyo mama aambiwe ana mkosi, amelaaniwa au ana majini, na wengine wapewe talaka? Suratul Hujurat, aya ya 12, imetukataza dhana mbaya. Hii ni dhulma.

Ndugu zangu, qadar ya Allah haituzuii kuchukua sababu. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndio atawakali. Madaktari wanashauri mwanamke ameze asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kuanzia walau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Haiondoi hatari yote, lakini huipunguza sana. Mboga za majani na maharage navyo vina foliki.

Enyi waume, nafaka na matibabu ya mke si hisani. Anayengoja tumbo lionekane ndipo ajali, kwa jambo hili amechelewa. Nanyi masheikh, liingizeni katika nasaha za ndoa.

Na aliyejaaliwa mtoto wa namna hiyo, amuwahishe hospitali, amshike mkono mkewe. Ni amana ileile.