Deni Kwanza, Msaada Baadaye

Wajukuu zangu, ninyi mnaouza pembejeo Manundu, mnaonunua mahindi Kabuku na Mkata, na ninyi mliosajili kampuni yenye wakurugenzi wawili na mhuri mmoja, nisikilizeni kabla hamjachapisha fulana za hafla yenu. Nimeambiwa mnataka kutoa madawati kwa shule, jina la kampuni liandikwe ubavuni, na mkuu wa wilaya aitwe ashike upande mmoja wa ile hundi kubwa ya karatasi ngumu. Sina ugomvi na madawati. Watoto wa Handeni wamekaa chini vya kutosha. Ninachouliza ni kimoja tu: siku hiyo ya kukabidhi, yuko mtu yeyote katika wilaya hizi mbili, Korogwe na Handeni, anayewadai mshahara, mzigo wake au mchango wake wa hifadhi ya jamii? Kama yupo, madawati hayo ni yake. Mtakuwa mmetoa mali ya mtu kwa jina lenu.

Nasaha yangu ndiyo hiyo, nzima. Yanayofuata ni sababu zake.

Nilikuwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge, na mtu aliyekaa nyuma ya meza ya mishahara haambiwi kitu kuhusu wema wa kampuni. Mkonge ndio uliotujenga hapa Korogwe. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893; iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata reli mpaka Mombo na Mazinde. Ilipofika 1964 nchi hii ilikuwa inatoa tani zipatazo 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka, hakuna aliyetufikia duniani. Walioukata mkonge huo walikuwa vibarua walioitwa manamba. Wengi walitolewa mbali, Kigoma, Songea, Njombe, hata nje ya mipaka, na tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kuwakusanya, SILABU. Ndiyo maana mpaka leo kambini utamkuta Mha amepakana na Mmakonde, na watoto wao wanazungumza Kisambaa vizuri kuliko mimi.

Vijana hamkukijua kipande. Kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, nyapara anaweka alama. Usipoimaliza, siku hiyo haihesabiwi, japokuwa jua lilikupiga sawasawa na wenzako. Na mshahara haulipwi mpaka kadi ijae. Tazameni ujanja uliokuwamo. Anayeugua siku kadhaa, kadi yake inavuka mwezi, na muda wote huo fedha yake imekaa mikononi mwa mwenye shamba bila riba, huku yeye anakopa unga kwenye duka la kambi. Sasa msije mkadhani wenye mashamba hao hawakuwa na misaada. Walikuwa na zahanati, walikuwa na shule, walikuwa na viwanja vya mpira na timu zilizovaa viatu wakati vijiji vya jirani vinacheza pekupeku. Lakini mashamba yalipowaka migomo mwishoni mwa miaka ya 1950, hakuna aliyegoma kwa kukosa mpira. Watu walidai ujira, na walidai chama chao wenyewe cha kuwasemea.

Kipande kilikufa, tabia yake haikufa. Ilihamia kwenye makato. Sheria leo iko wazi: katika mshahara wa mfanyakazi wa sekta binafsi, jumla ya asilimia 20 iende NSSF, sehemu yake ikikatwa kwake na sehemu ikitolewa na mwajiri. Ili apate pensheni ya kila mwezi, anatakiwa awe na michango ya miezi 180, yaani miaka kumi na mitano. Namkumbuka mkata mkonge mmoja, wa shamba ambalo sitalitaja. Alikuja kwangu na karatasi zake za mshahara za miaka na miaka, amezifunga kwenye mfuko wa rambo, zingine zimeliwa na mende pembeni. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogomadogo ya miiba, ile alama ambayo mtu wa mkonge haifichi popote. Tulizipanga moja moja juu ya meza. Kila mwezi amekatwa, hakuna uliorukwa. Taarifa aliyoletewa kutoka NSSF ilikuwa na mapengo, miezi mitano hapa, mwaka mzima pale. Miaka ileile mwajiri wake alikuwa akitoa jezi na kikombe kwa ligi ya kata, na jina lake lilitajwa kwenye kipaza sauti hadi tukalikinai.

Nataka mwelewe jinsi jambo hilo linavyotokea, maana halianzi na mwizi. Meneja wa shamba lile hakujenga ghorofa kwa fedha za mzee. Mwisho wa mwezi ulifika, fedha hazitoshi. Benki ina mwanasheria, ikalipwa. Muuza dizeli angezima korona, ile mashine ya kusindika majani ya mkonge, akalipwa. Fundi wa brashi angeondoka, akalipwa. Mchango wa mkata mkonge ukaachwa "mwezi ujao tutauweka sawa", kwa kuwa yeye hana mwanasheria, hazimi mashine, na hatajua mpaka atakapozeeka. Meneja akaenda kulala na dhamiri safi. Mpangilio wa kulipa ulijipanga wenyewe kwa kufuata nani ana kelele. Maadili ya biashara, wanangu, mtayakuta kwenye orodha hiyo ya malipo ya tarehe 28, siyo kwenye ule ukurasa wa "maadili yetu" mnaolipia mtu wa kompyuta awaandikie. Anayeongoza kwa haki huisoma orodha kutoka chini kwenda juu.

Na msiseme sheria imenyamaza. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inamtaka mkurugenzi azingatie maslahi ya wafanyakazi pamoja na ya wanahisa. Ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imepanga saa 45 kwa wiki, siku 28 za likizo ya mwaka, na kiinua mgongo. Kwenye madini, tangu marekebisho ya 2017, mwenye leseni anaandaa kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii na kuafikiana na halmashauri. Vijana wenye mashimo ya dhahabu kule Handeni mnaifahamu hiyo. Sheria ni nzuri. Ila sheria inaweka sakafu tu, na nimeona watu wengi wakiipigia magoti sakafu wakidhani ndiyo paa.

Nirudi kwenye mkonge, kwa sababu kuna jambo jipya humo ambalo sisi wa zamani hatukuwa nalo. Sasa wakulima wadogo wana vitalu vyao ndani ya mashamba ya Magunga, Ngombezi, Mwelya, Magoma na Hale, wamejiunga kwenye vyama vya ushirika, na majani yao yanasindikwa kwenye korona ambayo si ya mkulima mmoja mmoja. Jani la mkonge likishakatwa halisubiri. Lazima lipite korona mapema lingali bichi, ama sivyo linakauka na singa inaharibika. Na katika uzito wote huo wa jani, singa ni karibu asilimia 4 tu. Mengine ni maji na makapi. Basi fikirini hali ya mkulima aliyelipa wakataji, amefunga mafungu yake ya majani thelathini thelathini, ameyapanga barabarani, kisha trekta haliji. Hana la kumwambia mwenye mashine. Kila saa inayopita bei yake inashuka, ya mwenye mashine haishuki.

Hapo ndipo pa kumpimia mfanyabiashara. Kwenye kila biashara kuna anayeweza kusubiri na asiyeweza. Mwenye gari anasubiri, mwenye nyanya hawezi. Mwenye ghala anasubiri, mwenye mtoto aliyefukuzwa kwa ada hawezi. Ukishajua kwamba mwenzako hawezi kusubiri, ukamchelewesha makusudi ili ashuke bei, huo si ujanja wa soko. Wazee wangu walikuwa na neno fupi kwa mali ya aina hiyo: cha mtu mavi. Samahanini kwa lugha, lakini methali ndiyo hiyo.

Twendeni Handeni. Mnunuzi anashuka Mkata na magunia yake mwenyewe, na tayari hapo pana mushkeli, kwa nini gunia liwe la mnunuzi? Gunia linajazwa, linatikiswa, linagongwa chini, linajazwa tena, kisha juu linaongezwa nyavu na kamba mpaka linapata shingo na kichwa. Mnaliita lumbesa na kucheka. Mama aliyelima anahesabu gunia moja. Kule Dar es Salaam, mzigo uleule ukifunguliwa, unatoka gunia na madebe ya ziada. Sheria ya Vipimo, sura ya 340, haitaki hivyo, na kanuni inasema mzigo wa mazao usizidi kilo 100, lakini nani atamwita mtu wa Wakala wa Vipimo saa kumi na moja alfajiri kando ya barabara? Mkaa nao ni vilevile. Na ukimuuliza kijana anayeshona lumbesa, atakuambia bosi wake ni mtu wa watu, mwaka jana alichangia bati za msikiti na wa kanisani akawapa saruji. Najua. Bati zile ni madebe ya ziada.

Kuna namna mbaya kuliko hiyo. Mwezi Februari njaa imeingia, mtu wa mjini anatoa fedha kidogo kwa mahindi yaliyo bado shambani, atayachukua kwa nusu ya bei mkulima akivuna. Biashara hii ni ndugu wa mikopo ya riba kubwa mnayoiita kausha damu, hata kama aliyeitoa anavaa kanzu nyeupe na kuitwa mjomba. Sitaki kuisemea sana. Mnajua wenyewe mama zenu wangapi wamenyang'anywa cherehani na televisheni.

Sasa zamu yenu, mlio kwenye vikundi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Utaratibu huu ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya fedha zilizokuwa zinapotea, vikundi hewa vikiwamo, ukarudishwa 2024 kwa masharti mengine. Nimewasikia baadhi yenu barazani: "Ile ni hela ya serikali, babu, hairudi." Mapato ya ndani ya halmashauri ya Handeni yanatoka wapi? Sehemu yake inatoka kwenye ushuru wa mazao, kwenye kile kizuizi mnachokipita na pikipiki. Ushuru huo umetoka kwenye magunia ya yule yule mama wa lumbesa. Ukiula mkopo ule, umemla mama huyo mara ya pili, na safari hii hukuwa hata na gunia.

Mtaniambia: babu, hayo ya zamani, leo ushindani ni mkali, tukipima kwa mzani na mwenzetu anajaza lumbesa, tunafunga duka. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu ni kweli kwa msimu mmoja. Mtu wa mzani anapata faida ndogo msimu wa neema, mahindi yakiwa mengi na kila gari limejaa. Lakini Handeni ni wilaya ya ukame. Mwaka wa neema haufuatani na mwingine. Mwaka mahindi yanapokuwa haba, ni mwenye shamba anayechagua wa kumuuzia, na anakumbuka vizuri sana. Nimeona gari la mnunuzi mkubwa likilala Kabuku tupu, huku mtu mwenye gari dogo na mzani anapigiwa simu kutoka vijiji vya ndani aje achukue. Siwaahidi kwamba itakuwa hivyo kila mara. Kuna waaminifu waliofilisika pia, na nimewazika wawili watatu wakiwa hawana kitu. Hawakuwa na mdai nyuma ya jeneza, hilo nalo watoto wao wanalijua thamani yake.

Kwa hiyo mwezi huu fanyeni hivi. Fungueni akaunti ya pili, ya makato na ya fedha za watu tu, na anayesaini asiwe yule yule anayenunua dizeli. Kila mfanyakazi mpeni namba yake ya uanachama mkononi na mmfundishe kuangalia michango yake kwa simu, ili asisubiri kuzeeka ndipo ajue. Mkulima alipwe siku ya kupima, mbele yake, na karatasi abaki nayo. Na mzani wenu upelekeni kwa Wakala wa Vipimo ukakaguliwe na kupigwa muhuri sasa, kabla mahindi ya masika hayajaanza kuvunwa.