Una Nini Nyumbani?

Somo: 2 Wafalme 4:1-7

Jumapili iliyopita spika ya nje ilikuwa inakatakata na waliokaa na watoto hawakusikia vizuri, kwa hivyo nimeombwa niandike yale niliyosema. Kuna mengine nimeongeza.

Fungua 2 Wafalme sura ya 4. Kuna mjane anamlilia Elisha. Mume wake alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu aliyemcha Bwana, na alipokufa aliacha deni. Hebu ngoja hapo kidogo. Sisi tukiona mtu ana deni tunasema kuna roho ya madeni kwake, au kuna dhambi ameficha. Biblia haisemi hivyo juu ya huyu ndugu. Alimcha Mungu na alikuwa na deni, yote mawili. Sasa anayemdai anakuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa. Hapa kwetu hawachukui watoto. Wanakuja na kufuli.

Mama mmoja wetu wa Gatwekera, ameniruhusu niseme bila jina, alirudi jioni kutoka kufua nguo Lavington akakuta kufuli ya landilodi mlangoni. Watoto wamekaa nje na yunifomu. Kodi ni 3,500 na ilikuwa imepitisha wiki mbili. Akanipigia: pasta, tuombe. Tukaomba. Sioni aibu kusema tuliomba. Lakini Elisha alianza na swali: una nini nyumbani? Yule mjane akajibu hana kitu, halafu ndipo akataja chupa ya mafuta. Unaona? Alisema "sina" kabla hajaangalia.

Basi nikamuuliza mama swali hilo hilo. Mwezi huu umepata ngapi? Akasema, "Pasta, zinaingia zinatoka, sijui." Nikamwambia simu inajua. M-Pesa iko nasi tangu 2007, na kila shilingi inayopita hapo inaandikwa. Vitabu vyako vya hesabu vimeshaandikwa bure, hujawahi tu kuvisoma. Ukipiga *334# ukaenda kwa akaunti yako, utaona mahali pa kuomba stetimenti. Inakuja kwa barua pepe, na meseji yenye namba ya kuifungua. Tukaomba ya mwezi mmoja, tukakaa chini na kalamu.

Ziliingia 13,400. Mimi nilitarajia kidogo, yeye pia. Tukaanza kufuatilia zilivyotoka. Alikuwa anatoa 200 kwa ajenti karibu kila jioni, ya unga, sukuma, maji na makaa. Mara 22. Kutoa kiasi chochote kutoka 101 hadi 2,500 ni shilingi 29, iwe ni 200 au ni 1,200. Piga hesabu: 22 mara 29 ni 638. Angetoa mara sita tu kwa mwezi angelipa 174. Hakuna pepo hapo, wapendwa. Ni kutoa kidogo kidogo.

Halafu Fuliza. Mara 11. Nyinyi mnaijua kuliko mimi: unapewa pesa usiyo nayo, kuna ada ya asilimia 1, kuna ada ya kila siku, na pesa yoyote ikiingia deni linakatwa kwanza. Kwa hivyo mama anafua siku nzima, anatumiwa 700, meseji ya pili inasema amebaki na 310. Anafikiri ameibiwa. Amelipa unga wa wiki iliyopita.

Halafu tukafika kwa mstari mmoja, nikanyamaza. Shilingi 1,500, zimetumwa kwa kanisa, mchango wa viti. Siku hiyo salio lake lilikuwa sifuri. Alitoa kwa Fuliza. Na aliyesimama mbele Jumapili hiyo akisema kila mtu aguse simu yake sasa hivi alikuwa ni mimi.

Nina digrii ya biashara. Nilifundishwa kutofautisha mali na deni mwaka wa kwanza. Na sikuwahi kujiuliza pesa mnayotuma imetoka upande gani. Sasa nasema wazi, na wazee wawili hawajafurahi, lakini mchungaji amenikubalia niandike: usitume sadaka kwa Fuliza. Usikope kwa programu yoyote ili utoe ahadi. Fungu la kumi ni la kilichoingia, na nitaendelea kulifundisha. Deni halijaingia, limeazimwa. Msome tena Elisha. Mafuta yalipojaa vyombo alimwambia mama auze, alipe deni, halafu yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Nimetafuta mahali ambapo nabii alijitengea chupa moja ya huduma. Haipo.

Mchango wa mama umerudishwa. Tulizungumza na landilodi, akafungua.

Na mbeleni je? Elisha alimwambia mjane afunge mlango, yeye na wanawe. Hesabu ya nyumba hufanywa mlango ukiwa umefungwa, lakini wa nyumbani wote wakiwa ndani. Ndugu, kama mke wako hajui mshahara wako na wewe hujui chama chake, mko na nyumba mbili na kodi moja. Mimi nilianza kufungua stetimenti yangu mbele ya mke wangu mwaka jana. Bandoli na "chai ya wageni" zilikuwa zinashinda chakula cha mtoto. Tulikosana siku mbili, sitawadanganya.

Tunatumia Google Sheets kwa simu, ni bure na ukiiandaa inafanya kazi hata bila bandoli. Safu moja tarehe, moja imeingia, nyingine imetoka, ya mwisho ni ya kazi gani: kodi, chakula, maji, stima, shule. Daftari la shilingi ishirini linafanya kazi ile ile. Zile programu za ng'ambo zinataka akaunti ya benki na kadi, waachie wenyewe. Na ukiona programu inaomba kusoma namba zote za simu yako ili ikukopeshe, iondoe. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza mkopeshaji kupigia watu wako simu kukuaibisha, lakini aibu ikishafika kwa shemeji haifutiki kwa kanuni.

Kodi ya 3,500 ukiigawa kwa siku 26 za kazi ni kama 135 kwa siku. Hiyo itoke siku unalipwa, kabla ya ajenti, iende M-Shwari na uiache humo mpaka mwisho wa mwezi. SHA kwa asiyeajiriwa haipungui 300 kwa mwezi, na inalipwa ya mwaka mzima, 3,600. Hiyo ni shilingi kumi kila siku. Bei ya peremende mbili.

Ndugu zetu wa Kawangware mnaouza karibu na stage ya 46, shida yenu ni nyingine: pesa ya mzigo na pesa ya nyumba ziko kwa namba moja, kwa hivyo tokeni za stima zinanunuliwa na viazi vya kesho. Pochi la Biashara inatenganisha. Tutaionyesha.

Jumamosi saa nane tunakutana kanisani Kibera, na Jumamosi inayofuata kwa kikundi cha Kawangware. Njoo na simu yenye chaji, na bwana au bibi kama yuko. Wenye kabambe pia mje, *334# haiulizi simu ya bei gani. Vijana watawasaidia walio bila barua pepe. Pini yako usimwonyeshe mtu, hata mimi. Sadaka haitachukuliwa siku hiyo.