Ingia Naye kwa Daktari

Msikilizaji, huenda asubuhi hii unampeleka mama kwa daktari wa upasuaji kuzungumzia saratani ya titi. Hofu huziba masikio. Mzazi aliyelea watoto na kuzika ndugu bila kuyumba husikia neno "kukata", na mengine yote yakampita. Basi ingia naye ndani, usibaki kwenye benchi la nje, na uwe na daftari. Uliza: majibu ya kinyama kilichopimwa yanasema nini? Ugonjwa umefika hatua gani? Litaondolewa titi lote au uvimbe peke yake? Baadaye atahitaji mionzi, kama inayotolewa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam?

Lakini usimgeuze mama kuwa mtoto. Wapo ndugu wanaomnong'oneza daktari, "Mgonjwa asiambiwe." Naamini huko ni kumwacha peke yake na hofu yake. Mwili ni wake, na sahihi ya ridhaa ni yake. Akitaka siku mbili za kufikiri na kusali, muulizeni daktari kama muda huo upo.

Mkitoka nyumbani, bebeni majibu yote ya vipimo na orodha ya dawa anazotumia, hata za mitishamba. Daktari wa usingizi atahitaji kuzijua kabla ya upasuaji.