Je, Nia Njema Yatosha?

Liko swali ambalo sisi tuliokuwa walimu tumelisikia likiulizwa kwa namna nyingi: Je, mtu akitenda jambo baya kwa ajili ya nia njema, nia ile hulisafisha tendo lake? Wazee wetu walisema penye nia pana njia. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haikusema kwamba kila njia iliyopo hapo yafaa kupitwa. Mwezi huu twapenda kulitazama swali hili, na tutaliingia kwa mlango ambao huenda wengine mtaushangaa, yaani mchezo wa video na michoro ya mwanafunzi mmoja.

Binti mmoja wa ushirika wetu anasomea usanii chuoni. Wakati wa likizo alituletea kazi yake tuione: michoro 16, yote ameichora kwa kishikwambi. Ni michoro ya majitu ya ajabu yaliyomo katika mchezo aupendao kuliko yote, uitwao Shadow of the Colossus. Mama yake alikuwa na wasiwasi, naye alituomba tumshauri bintiye aachane na mambo ya kitoto. Tulimsikiliza mama, kisha tukamsikiliza na binti. Tuliyoyapata twaona si ya kitoto, na yafaa tuyaeleze.

Mchezo huu ulitungwa Japani chini ya uongozi wa Fumito Ueda, ukatoka mwaka 2005 kwa mashine ya PlayStation 2. Mwaka 2018 ulitengenezwa upya kwa PlayStation 4, na huo ndio alioucheza binti wetu kwa mashine ya kaka yake. Ueda naye alikuwa mwanafunzi wa sanaa. Alihitimu Osaka University of Arts mwaka 1993. Mchezo wake wa kwanza, Ico, ulitoka mwaka 2001, na picha ya jalada lake huko Japani aliichora mwenyewe, akiongozwa na mchoro wa Giorgio de Chirico wa Italia. Twayataja haya ili mtu asidhani kwamba michezo hii huzaliwa na mitambo. Nyuma ya mtambo yupo mtu aliyeketi akafikiri, akachora.

Hadithi yenyewe ni hii. Kijana aitwaye Wander aingia katika nchi iliyokatazwa, amepanda farasi wake Agro, naye amembeba msichana aliyekufa, jina lake Mono. Hekaluni sauti isiyo na mwili, iitwayo Dormin, yamwambia kwamba huenda msichana akarudishiwa uhai, iwapo yeye kijana atayaua majitu 16 yaishiyo katika nchi ile. Yamwonya pia kwamba gharama yaweza kuwa kubwa. Kijana hajali.

Basi kazi ya mchezaji ni hiyo tu. Hakuna maadui wengine, hakuna miji, hakuna dhahabu ya kuokota njiani. Kuna uwanda mpana, magofu, farasi na majitu 16. Mchezaji huinua upanga juani, na mwale wake humwonyesha liliko jitu lifuatalo. Akilifikia hulipanda, akishika manyoya yake, mpaka apate mahali penye alama, na hapo huchoma. Jitu likianguka, muziki hauwi wa shangwe bali wa maombolezo. Nyuzi nyeusi hutoka katika mzoga na kumwingia kijana, naye huzimia. Kadiri kazi inavyoendelea uso wake hupauka na sura yake huzidi kuharibika. Mchezo haumhubirii mtu neno lolote. Humwachia aone mwenyewe.

Kabla hatujaendelea, tuseme neno juu ya uchoraji. Wako wanaodhani kwamba picha ya kishikwambi imechorwa na kishikwambi. La hasha. Ni kweli siku hizi zipo programu ambazo mtu akiziandikia maneno machache humtolea picha nzima, lakini siyo kazi aliyoifanya binti huyu. Yeye hutumia programu iitwayo Krita, ambayo hutolewa bure, pamoja na kalamu inayohisi uzito wa mkono: akikandamiza mstari hunenepa, akilegeza hukonda. Mchoro hujengwa kwa tabaka. Chini huweka muundo wa mifupa, juu yake mwili, kisha kivuli, na mwisho nuru. Tabaka moja laweza kufutwa bila kuharibu jingine. Hata hivyo kosa la jicho halisahihishwi na programu. Mchoraji asiyejua jinsi bega la ng'ombe linavyoungana na shingo hataambiwa na kishikwambi. Kwa sababu hiyo, alipotaka kulichora jitu la pili, lenye umbo la fahali, binti yule alikwenda jioni kadhaa kukaa karibu na zizi la jirani akiwatazama ng'ombe wakirudi.

Hapo ndipo tulipofikia kiini cha jambo. Alitueleza kwamba kulichoma jitu lile kulimchukua muda usiotimia nusu saa, lakini kulichora kulimchukua wiki mbili. Alipokuwa akilichoma, macho yake yalitafuta alama tu, basi. Alipokuwa akilichora ndipo alipoliona jitu lenyewe: lina uchovu katika mwendo wake, lina manyoya yaliyochakaa, lina macho. Kwa maneno mengine, mikono ilelile iliyoua ilijifunza baadaye ni nini ilichokiua.

Jitu la 13 ndilo lililomsumbua zaidi. Ni kama nyoka mkubwa mno arukaye juu ya jangwa. Mengine mengi hupigana, lakini hili halimshambulii mchezaji hata mara moja. Huruka tu angani. Ili kuliua sharti mchezaji alitoboe kwa mishale mifuko yake ya hewa mpaka mabawa yake yaguse mchanga, kisha alirukie kutoka juu ya farasi. Binti alisema alipofika hapo aliweka pedi chini, hakucheza kwa juma zima. Tulimwuliza, mbona alirudi? Akajibu bila kuficha kwamba alitaka kuona kama Mono ataamka.

Jibu hilo ni la kweli, na ndilo jibu la wanadamu wengi. Sisi sote twataka kuona kama Mono ataamka. Hebu sasa tuzipime hoja za kumtetea Wander.

Hoja ya kwanza yasema: alitenda kwa upendo. Ni kweli, na upendo si kitu kidogo. Lakini tuangalie ni nani aliyelipa. Upendo wake mwenyewe ulikuwa kwa Mono. Gharama iliangukia majitu ambayo hayakumkosea Mono wala yeye. Mtu akijinyima mwenyewe kwa ajili ya ampendaye, twaita sadaka. Akimnyima mwingine, hata awe na upendo kiasi gani, hiyo haiwi sadaka. Hutoa mali isiyo yake.

Tena hakuna aliyemuuliza Mono. Amelala juu ya madhabahu muda wote, na yote yanatendwa kwa jina lake. Huenda angekubali, huenda angekataa. Mara nyingi wale tunaosema kwamba twatenda kwa ajili yao hatujawauliza neno.

Hoja ya pili yasema: majitu yale ni vizuizi tu, wala si watu. Hapa mchoraji anatusaidia kuliko mwanafalsafa. Kitu huitwa kizuizi kabla hakijatazamwa. Anayepita mbio akiwa na upanga huona alama ya kuchoma. Anayeketi na kalamu huona kiumbe. Kilichobadilika si jitu, ila jicho. Na twashuku kwamba mabaya mengi duniani hutendwa na watu wasio na chuki yoyote, waliokosa tu muda wa kutazama.

Hoja ya tatu yasema: ni mchezo tu, hakuna aliyekufa. Hili nalo ni kweli, wala hatuwezi kumhukumu kijana kwa damu isiyokuwapo. Hata hivyo wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Hawakukataza mzaha, walionya kwamba jambo dogo likirudiwa huzaa jingine. Wander hakuanza na jitu la 13 lisilo na shari. Alianza na lililompiga, naye alipofika kwa lile lisilompiga, mkono ulikwisha zoea. Hivyo ndivyo mazoea yanavyofanya kazi. Sisi tuliowafundisha walimu twajua kwamba mtu hawi mwongo kwa siku moja, wala mwaminifu kwa siku moja.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo ni la kale. Plato wa Uyunani aliogopa kwamba maigizo hulea ndani yetu hisia zisizofaa. Mwanafunzi wake Aristoteli aliona kinyume, kwamba huruma na hofu tuzipatazo katika tamthilia zina faida yake. Kisha Mtakatifu Augustino, katika Maungamo yake, alikumbuka jinsi alivyolia juu ya huzuni za jukwaani, akashangaa ni huruma gani hiyo isiyomwinua mtu kwenda kumsaidia yeyote. Twaona Augustino aligusa penyewe. Machozi kwa ajili ya jitu la kuchorwa ni rahisi. Hayagharimu kitu. Kwa hiyo kipimo hakiwi kama mtu alilia mchezoni, bali ni nini anachokitazama tofauti baada ya kuuzima mtambo.

Nasi tutazame tofauti, katika mitaa yetu hii hii. Baba mmoja ampenda mwanawe, basi ananunua mtihani ulioibwa ili mtoto afaulu. Nia yake ni njema. Nani atamlaumu mzazi kwa kumtakia mwanawe heri? Lakini iko nafasi moja iliyochukuliwa na mtoto huyo, na yuko mtoto mwingine, wa mama muuza mandazi, aliyekesha na kibatari na ambaye jina lake halikutokea. Baba yule hakumchukia mtoto huyo. Hakumwona kamwe. Mwingine auza kiwanja alichoachiwa mpwa wake yatima, ili amlipie mkewe gharama za hospitali. Mke apona, na twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini yatima naye alikuwa na uso. Katika mambo haya yote mtu hashiki upanga mkononi, hushika bahasha au karatasi ya mauzo, na alama huonekana wazi. Mwenye alama ndiye asiyeonekana.

Wala tusidanganyane kwamba njia mbaya haifiki kamwe. Katika mchezo huu Mono huamka kweli. Wander alipata alichokitafuta. Lakini nyuzi zile nyeusi zilikwisha mjaa. Dormin alimtwaa mwili, na msichana alipofumbua macho hakumkuta yule kijana aliyempenda. Alikuta kitoto kichanga chenye pembe ndogo kichwani. Hilo ndilo jibu ambalo mtunzi ameliweka mwishoni bila kulitamka: nia yaweza kutimia, na mwenye nia asiwepo tena kuipokea. Baba aliyenunua mtihani atauona mwanawe akishika cheti, lakini akimtaka mwana huyo awe mwaminifu, atamfundisha kwa kinywa kipi?

Mtu aliyefiwa aweza kutuambia kwamba twasema haya kwa urahisi. Ndugu, hatusemi kwa urahisi. Hamu ya kumrudisha mpendwa ni hamu ambayo kila nyumba yetu inaijua, na wako wanaoitumia hamu hiyo kujipatia fedha. Twakumbuka habari za Mfalme Daudi katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Mtoto alipokuwa mgonjwa alifunga na kulala chini. Watumishi waliogopa kumpa habari ya kifo. Lakini alipojua, aliondoka, akaoga, akaenda kuabudu, akala chakula. Hakuwa ameacha kumpenda mtoto. Alijua upendo unaruhusiwa kufika wapi. Kukubali kupoteza, wakati kupata kungemwumiza asiye na hatia, ni tendo la upendo pia, na pengine ndilo gumu kuliko yote.

Kwa wazazi twashauri hivi. Kumwuliza kijana ni mchezo gani anaoucheza hakutoshi. Mwulize pia ameona nini ndani yake. Iko michezo ambayo haina kitu ila kelele na kuua bila kutazama, nayo heri iachwe. Saa za kucheza nazo ziwekewe mpaka, kwa maana kitu chema kikizidi hula usiku na masomo. Lakini usimwondolee kalamu kijana anayechora, ati kwa kuwa achora majitu. Anajifunza kutazama, na hilo darasani hatukuwahi kulifundisha vya kutosha.

Na kwa vijana: mkiwa na kalamu ile ya kishikwambi, mstari usiofaa hufutika mara moja, wala karatasi haichafuki. Lifurahieni jambo hilo katika kuchora. Ila mkumbuke kwamba ni katika kuchora tu. Yatima aliyeuziwa kiwanja chake hana tabaka la chini la kurudia, na mtoto aliyenyang'anywa nafasi mwaka huu hatakuwa tena na umri ule. Kwa hiyo kabla ya kuchoma, hata kama nia ni njema, keti kwanza uutazame uso ulio mbele yako kwa muda ule ambao mchoraji angeutazama.