Kutengeneza Mtumbwi na Kutengeneza Kifaru



Sisi wakimbizi tunajua kutengeneza vitu. Hapa Kabuta, kando ya Ziwa Mweru, mtumbwi hautupwi kwa sababu ubao mmoja umeoza. Tunautoa ubao, tunapigilia mwingine, tunaziba nyufa, na kesho yake watu wako ziwani. Baiskeli nayo hubadilishwa gurudumu, mnyororo na kiti, hata mwenyewe hajui tena kipande gani ni cha zamani. Kazi hiyo tunaihesabu kuwa busara.

Majeshi nayo hufanya vivyo hivyo. Kifaru kiitwacho T-55 kilianza kutengenezwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1958. Kina uzito wa tani 36 hivi na hubeba askari 4. Kwa umri wake kingekuwa chuma chakavu siku nyingi, lakini nchi kadhaa zimekifanya kipya. Slovenia iliondoa mzinga wa milimita 100 ikafunga wa milimita 105, ikaongeza nguvu ya injini, ikaweka kipimo cha leza cha kulengea, na kukivika vipande vya baruti vinavyolipuka kuelekea nje ili kombora lisipenye. Mwaka 2022 vifaru 28 vya namna hiyo vilipelekwa Ukraine. Sababu inaeleweka: gharama ni ndogo kuliko kununua kipya, na askari aliye ndani anapata kinga.

Hoja hiyo tusiidharau. Wako kati yetu wenye watoto jeshini. Tena serikali isiyo na nguvu huwaacha raia wake mikononi mwa kila mwenye bunduki. Mwaka 2013 vifaru vya jeshi la Kongo, vya asili ileile ya Kisovieti, vilipigana kaskazini mwa Goma, na mwezi wa Novemba M23 ikashindwa. Wengi wetu tulifurahi.

Lakini tunakumbuka pia Desemba 2000, Pweto ilipoanguka mikononi mwa RCD na jeshi la Rwanda. Watu kwa maelfu walivuka kuingia Zambia, na askari wa serikali wakavuka pamoja nao. Zana nzito ziliachwa nyuma. Na Januari 2025, Goma ilipotekwa, silaha nyingi za serikali zilibaki kwa M23. Chuma hakichagui dereva.

Je, kosa liko wapi? Wengine husema chuma hakina dhambi, na fundi anafanya kazi yake tu. Sisi tunaona jambo moja. Anayenunua silaha mara ya kwanza aweza kusema hakujua itatumiwaje. Anayeitengeneza upya ameshaona ilikopita. Ameziona nyumba na makaburi. Kutengeneza ni kuchagua mara ya pili, tena kwa macho yaliyofunguka, na kwa hiyo anadaiwa zaidi. Kabla ya kufunga mzinga mpya na ajibu: Askari watakaopanda humo wanalipwa mshahara wao? Kamanda wao akiua raia, iko mahakama ya kumwita? Kama majibu ni yaleyale ya zamani, kilichofanywa kipya ni uwezo wa kuua peke yake. Bwana Yesu alitufundisha juu ya kiraka kipya kwenye vazi kuukuu: mwishowe tundu huwa kubwa zaidi.

Swali hili linatugusa hata sisi tusio na vifaru. Ugomvi wa Baluba na Batwa huko Tanganyika, uliowafukuza wengi hadi Nchelenge mwaka 2017, ulipiganwa kwa mishale na mapanga. Leo tunakaa jirani na kuchota maji pamoja. Hata hivyo wako wanaouchukua ugomvi ule na kuufungia vipuri vipya: neno la kisimani, ujumbe wa simu, hadithi wanayosimuliwa watoto usiku. Mtoto aliyezaliwa Zambia, asiyewahi kuuona mshale, anaurithi ukiwa na injini mpya. Naye mzazi hawezi kusema hakujua, maana yeye mwenyewe alikimbia.

Ndugu, mtumbwi tuutengeneze, kwa kuwa unatulisha. Lakini kila tushikapo nyundo tujiulize kwanza kitu hiki kilifanya nini jana. Chuki ya zamani tusiipigilie ubao mpya. Tuiache izame.

Mungu awabariki. Amina.